Ami anataka Fundo sebuleni

Wiki mbili hizi nimekuwa kimya, nisameheni. Mhariri alinituma Pemba kufuata habari ya wavuvi wa pweza, na niliporudi nikakuta kazi zimenilundikia mezani mpaka basi.

Habari ya pweza waliobahatika wameisoma gazetini. Leo nataka kuandika jambo ambalo mhariri wangu hawezi kunipa hata robo ukurasa: jinsi ya kupanga mzunguko wa maji ndani ya tangi kubwa la kioo la kufugia matumbawe nyumbani. Msicheke. Jambo hili limenigombanisha na ami yangu, ndugu wa baba tumbo moja, mtu aliyenilipia ada ya chuo miaka miwili bila kunikumbusha hata siku moja. Na mpaka naandika hapa sina hakika kama tumepatana.

Ami amezaliwa Fundo. Kwa wale wasiokifahamu, Fundo ni kisiwa chembamba na kirefu, upande wa magharibi wa Pemba, ukiwa Wete unakiona kwa macho. Aliondoka kijana, akaenda Muscat, na huko ana zaidi ya miaka 40 sasa. Watoto wake wanajua Kiswahili cha kuombea maji ya kunywa tu. Alipostaafu akajenga nyumba Seeb, na sebuleni akaagiza tangi la kioo lenye urefu wa mita 2, upana sentimita 70 na kimo sentimita 70. Piga hesabu mwenyewe, ni lita 980. Tuseme 1,000.

"Nataka nikae kwenye kochi nione kwetu," aliniambia kwenye simu. Nani angekuwa na roho ya kumbishia?

Akanunua taa. Jamani, zile taa! Bei yake hapa Dar unapata pikipiki na chenji inabaki. Akanunua chumvi maalumu, akanunua samaki wa rangi zote, akanunua vipande 20 vya matumbawe hai. Na ya kusukuma maji je? Pampu moja. Ile ambayo mwenye duka aliitia kwenye mfuko mwishoni, kama muuza nyanya anavyokuongezea moja ya juu.

Baada ya miezi mitatu akanitumia video. Vipande vya matumbawe vimekuwa vyeupe kama mifupa. Juu ya mchanga kuna utando mwekundu, unateleza, umejaa viputo. Ami akaamini tatizo ni taa, akanunua nyingine za bei kubwa zaidi. Matumbawe ya pili yakafa vilevile. Hapo ndipo alipokata shauri kwamba mawe ya dukani hayana baraka, na dawa ni mawe ya kwao.

"Wewe si unakwenda Fundo, mwanangu? Niokotee vipande kumi tu, na mawe kidogo. Kuna mtu wetu anarudi Muscat wiki ijayo, atabeba."

Nilikataa. Kwa adabu zote, lakini nilikataa.

Ningeweza kujificha nyuma ya sheria. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, maana yake huyavushi mpaka bila vibali, na bahari yote ya magharibi ya Pemba, Fundo ikiwemo, ni eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba tangu mwaka 2005. Hayo nilimwambia. Lakini sababu yangu kubwa ilikuwa nyingine, na niliipata nikiwa juu ya mashua, siku ya pili ya safari.

Asubuhi ile tulikuwa tutoke nje ya kisiwa, upande wa bahari kuu. Nahodha alizima mashine kabla ya kufika mlangoni, akakaa kitako, akaanza kula muhogo wake. Mimi mtoto wa gazeti, nina haraka, nikamuuliza Mzee, kuna nini? Akanionyesha kwa kidevu. Pale mlangoni maji yalikuwa yanakwenda kama mto wa masika, yamejikunja mikunjo, povu limesimama katikati ya bahari ambayo haikuwa na upepo wowote.

"Yanatoka," akasema. "Ngoja yachoke."

Ilikuwa bamvua. Wakati wa bamvua huku kwetu tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, na bamvua kubwa hukaribia 4. Sasa fikiria ile bahari yote iliyolala baina ya Fundo na Pemba yenyewe. Maji yanapopwa lazima yatoke, na njia zake kubwa ni milango: kaskazini kuna mlango wa baina ya Fundo na Njao, kusini kuna mlango wa Fundo. Yanatoka kwa muda wa saa sita na ushei, yanasimama kidogo, yanageuka, yanaingia kwa saa sita nyingine. Mara mbili kila siku ya Mungu. Mwezi ukiwa nusu maji yanakuwa mafu, mkondo unapoa. Likivuma kusi mawimbi yanatoka upande huu, likija kaskazi yanatoka upande ule. Tumbawe linaloishi pale mlangoni halipati saa mbili zinazofanana.

Maji yalipochoka nilivaa miwani nikajitosa. Kwenye ukuta wa mlango kulikuwa na uhai umeshonana, matawi juu ya matawi, hakuna hata chembe ya vumbi. Tulipoingia ndani, kwenye maji yaliyotulia, nikakuta vitu vingine kabisa: matumbawe makubwa ya mviringo kama mawe ya kusagia, na tope jepesi juu ya kila kitu. Mwendo wa dakika chache tu kwa mashua, lakini wakazi si hao hao. Nikamkumbuka ami na taa zake. Jua la pande zote mbili lilikuwa lile lile moja.

Haya, tuingie kwenye somo lenyewe.

Tumbawe ni mnyama aliyefungwa mahali. Haendi sokoni, haendi msalani. Chakula kinaletwa na maji, hewa inaletwa na maji, uchafu wake unachukuliwa na maji. Juu ya ngozi yake kuna tabaka jembamba sana la maji yaliyoganda, yasiyosogea, na kila kitu kinachoingia au kutoka mwilini lazima kipenye humo. Mkondo ukiwa na nguvu tabaka hilo hukonda, ukiwa dhaifu hunenepa. Mchana vijimwani vinavyoishi ndani ya tumbawe hutengeneza oksijeni nyingi, ikirundikana humdhuru mwenye nyumba. Usiku vinapumzika, na oksijeni karibu na ngozi inaanguka. Kwa hiyo mchana maji yanatakiwa kuondoa na usiku yanatakiwa kuleta. Taa kali bila mkondo ni kumpikia mtu chakula kingi halafu kumfungia mlango wa choo. Samahani kwa mfano, lakini ndivyo ilivyo.

Tena si maneno ya wafugaji wa sebuleni peke yao. Mwaka 2001 watafiti Nakamura na van Woesik walichapisha kazi yao ya Okinawa, Japani, wakijaribu kueleza kwa nini baadhi ya matumbawe yalinusurika kwenye joto la 1998, mwaka ambao hata Pemba tulipoteza mengi. Yaliyowekwa kwenye mkondo wenye nguvu yalistahimili kuliko yaliyokaa kwenye maji yaliyolala. Na mwaka 2020 Tim McClanahan, mtafiti anayefanya kazi Mombasa kwa miaka mingi, aliandika kwamba ukanda wa kutoka Shimoni mpaka Dar es Salaam, Pemba ikiwa ndani yake, ni kama kimbilio la matumbawe, kwa sababu kuna mifereji ya kina kirefu inayoleta maji ya baridi. Maji yanayotembea, kwa lugha nyingine.

Sasa turudi kwenye tangi la ami.

Pampu yake imeandikwa kwenye boksi lita 6,000 kwa saa. Namba hiyo hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji kokote. Ya kwake imekaa kwenye tangi la chini, ndani ya kabati, inasukuma maji mita moja na nusu juu, kupitia kona nne za bomba. Zinazofika huenda ni lita 4,000. Kwenye tangi la lita 1,000 hiyo ni mara nne kwa saa. Zamani wafugaji waliambiana mara kumi inatosha. Siku hizi kwa matumbawe laini watu wanaanzia mara 10 mpaka 20, na kwa yale magumu ya matawi, ambayo ndiyo ami aliyapenda kwa sababu ya rangi, mara 30 na kuendelea, wengine hupita 50. Yaani lita 30,000 kwa saa, si 4,000!

Hapa wengi hukosea wakanunua pampu kubwa mara nane ya kupandisha maji kutoka chini. Usifanye hivyo. Pampu ya chini iache ifanye kazi yake ya kupeleka maji kwenye kichujio na kuyarudisha, pole pole. Mkondo utengenezwe ndani ya tangi lenyewe, kwa pampu za rafadha, zile zinazofanana na feni ndogo. Zinasukuma maji mengi kwa umeme mdogo na mkondo wake ni mpana. Pampu ya zamani yenye mdomo mwembamba hutoa maji kama mpira wa kuoshea gari. Ukilielekezea tumbawe, kesho yake nyama imebanduka limebaki fupa. Na kumbuka kila wati ya pampu iliyozama inageuka joto ndani ya maji. Muscat nje kiangazi ni nyuzi zaidi ya 40. Usijiongezee.

Halafu namba ya lita si mkondo. Unaweza kuwa na lita 40,000 zote zinagonga kona moja ya kioo na nusu ya tangi imelala usingizi. Ndiyo maana mimi nasema, na hapa ndipo nilipogombana na ami, mawe yapangwe baada ya kuamua maji yatapita wapi. Yeye alifanya kama wafanyavyo wengi: akajenga ukuta wa mawe kutoka kona mpaka kona, umeegemea kioo cha nyuma, mzuri kweli kwa picha. Nyuma ya ukuta ule maji hayafiki. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula yanakwenda kulala huko, yanaoza, na ule utando mwekundu unapata karamu. Bora vilima viwili vilivyoachana, vimesimama kwa miguu kama meza ili maji yapite chini, na uwazi wa kutosha nyuma. Katikati uache mlango. Ami wa Fundo kweli asijue mlango?

Ukishapata hivyo, weka pampu upande mmoja juu. Maji yatakwenda urefu wote wa tangi, yatagonga kioo cha upande wa pili, yatashuka, yatarudi kwa chini. Yakizunguka hivyo muda mrefu yanapata kasi yenyewe, kama gurudumu. Lakini usiliache gurudumu lizunguke upande mmoja mwaka mzima. Weka pampu ya pili upande wa pili, na saa ya kubadilishana: saa sita huyu, saa sita yule, na baina yao kimya kidogo. Ndiyo, kupwa na kujaa. Pampu za kisasa zina kidude cha kuongozea, unaweza hata kuzipangia bamvua na maji mafu. Watu hununua kidude hicho wakakiacha kwenye "mawimbi" kwa sababu mawimbi yanapendeza wageni.

Kabla ya kununua mnyama hata mmoja jaribu na chakula cha samaki. Mwaga chembe kidogo, kaa chini, angalia. Zinapokusanyika na kutulia ndipo pabovu. Sogeza pampu, sogeza jiwe, mwaga tena. Kazi hiyo haina gharama, na ami hakuifanya hata siku moja.

Na usidhani lazima mashine za maelfu ya dola. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza namna alivyokuwa akifuga matumbawe kwa mawe hai na viputo vya hewa tu. Kule Hawaii, Bruce Carlson wa Akwariamu ya Waikiki alikuja na kifaa ambacho fundi bomba yeyote wa Wete angekifahamu kwa kukiona: chombo kama pipa kimewekwa juu ya tangi, pampu ndogo inakijaza taratibu, kikijaa bomba lililopinda linavuta maji yote kwa mkupuo yanamwagika ndani ya tangi kama wimbi. Kisha kinaanza kujaa upya. Ni choo cha kuvuta, basi. Kinapiga kelele na kurusha chumvi kwenye kuta, lakini tumbawe halijali kuta zako.

Kuna jambo jingine watu hulisahau mpaka usiku wa balaa. Umeme ukikatika yanatokea mawili. La kwanza, maji ya juu yanarudi chini kupitia bomba lile lile la kupandishia. Kama mdomo wa bomba uko chini sana, sebule imekuwa bahari. Weka mdomo karibu na uso wa maji, toboa tundu la kuvunja mvuto, na tangi la chini liache nafasi. La pili ni baya zaidi: maji yakisimama, uso haupumui, na kwenye tangi lililojaa wanyama ni suala la saa chache. Maji ya joto nayo yanabeba oksijeni kidogo tangu mwanzo.

Ami alicheka nilipomwambia hili, akasema Oman umeme haukatiki. Labda. Mimi nimekulia Unguja. Mei 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima umeme wa kutoka bara ulipokatika, na Desemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010. Nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka kubeba ndoo, na nakumbuka mafriji yakigeuzwa makabati ya nguo. Betri ya kuendesha pampu moja ndogo kwa usiku mmoja si anasa. Iweke kwenye bajeti kabla ya samaki wa kwanza.

Najua kuna atakayeniambia, wewe kijana una wazimu, Fundo watu wanahangaikia boti ya kumpeleka mzazi hospitali Wete, wewe unaandika tangi la mtu mwenye pesa Uarabuni. Ana haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe simshauri mtu kufuga matumbawe. Ila mnyama aliyekufa mara mbili katika sebule ile ametoka kwenye mwamba fulani, na mwamba huo una watu wanaoutegemea kama wavuvi wa pweza niliokwenda kuwaandika, wanaokubali kufunga sehemu ya mwamba wao miezi mizima ili pweza akue. Nikaokote humo vipande kumi nikavitie kwenye begi la mtu? Niwatazame vipi?

Nilimwambia ami hayo. Nikamwambia pia kwamba vipande vilivyokuzwa na wafugaji wenzake, vilivyokatwa kutoka tumbawe mama la ndani ya tangi, vinapatikana, na vimekwisha zoea maisha ya kioo. Anunue hivyo, baadaye, maji yakishakuwa tayari. Akanijibu, "Kwa hiyo Fundo yangu mimi naambiwa nikainunue?" Akakata simu. Baba akanipigia usiku ule, hakunigombeza, aliniuliza tu kama nimekula.

Siku tisa hakuna salamu. Juzi Ijumaa ikaingia video. Tangi halina hata samaki mmoja, nasikia wale waliobaki amewagawa kwa jirani. Ukuta wa mawe umebomolewa, kuna vilima viwili, kimoja kimekaa upande kidogo. Pampu mbili mpya, moja kila upande. Chembe za chakula zinazunguka zinapita katikati, zinapotea nyuma, zinatokea tena. Video ina dakika nne na hakuna anayesema neno.

Mwisho wake sauti ya ami: "Hiyo ndoo ya huyo Mmarekani inakaa wapi, juu ya kabati? Shangazi yako anauliza inapiga kelele kiasi gani."